Mji wa Wajerumani kwa Miguu: Kutoka Ocean Road hadi Kariakoo

Wageni wanaotutembelea kutoka sharika rafiki za Ujerumani huomba mara nyingi kuonyeshwa "mji wa Wajerumani" hapa Dar es Salaam. Wajumbe wa kamati za sharika nao, wanapokuja mjini kwa semina, hupita mbele ya majengo hayo hayo bila kupata nafasi ya kujua yalijengwa lini na kwa ajili ya nani. Hivyo basi, tumeona vema kueleza katika toleo hili matembezi ya siku moja ambayo ofisi yetu huwaongoza wageni. Ni mwendo wa kilomita tano hivi. Tunashauri kuanza saa moja asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, mkiwa na maji ya kunywa na viatu visivyobana. Kamera zifungwe mnapokuwa karibu na Ikulu, ofisi za serikali na bandari.

Mji uliogawanywa sehemu tatu

Dar es Salaam haikuanzishwa na Wajerumani. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeanza kujenga hapa katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Wajerumani walifika mwaka 1887, na wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika mwaka huo huo. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yalihamishwa kutoka Bagamoyo kuja hapa, na zikatolewa kanuni za ujenzi zilizougawa mji.

Sehemu ya kwanza, upande wa mashariki kwenye upepo wa bahari, iliruhusiwa nyumba za mtindo wa Ulaya tu. Sehemu ya pili ilikuwa ya majengo ya kudumu, na hapo wakakaa zaidi wafanyabiashara wa Kihindi. Sehemu ya tatu, upande wa magharibi, iliachiwa nyumba za miti na udongo za Waafrika. Kanuni hizo zilitaja aina ya nyumba, hazikutaja rangi ya mtu. Lakini kila mmoja alijua ni nani aliyekuwa na uwezo wa kujenga nyumba ya mawe. Anayetembea kutoka mashariki kwenda magharibi huzipita sehemu zote tatu kwa utaratibu huo.

Hospitali mbili

Tunaanzia hospitali ya Ocean Road, yenye kuta nyeupe na kuba zake zinazotazama bahari. Wajerumani waliijenga katika miaka ya 1890 kwa ajili ya Wazungu. Daktari maarufu Robert Koch alifanya utafiti wa malaria mjini hapa mwaka 1897 na 1898. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake linaendelea kuitwa katika wodi ya Sewahaji pale Muhimbili. Tangu mwaka 1996 Ocean Road ni taasisi ya saratani, na wagonjwa huja kutoka mikoa yote ya nchi. Jengo lililowekwa kwa wachache limekuwa la wote, na hili ni jambo tunalopenda wageni walione mapema.

Askari na wapagazi

Kutoka hapo tunapita bustani ya mimea, ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, na Makumbusho ya Taifa, kisha tunafuata barabara ya Samora. Wakati wa Wajerumani barabara hii iliitwa Unter den Akazien, yaani chini ya migunga. Katikati yake kuna Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa na Waingereza mwaka 1927.

Wajerumani nao walikuwa na sanamu yao mjini, ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri na watu wa pwani na baadaye akawa gavana. Baada ya vita ilipelekwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko waliiangusha. Wageni wetu wengi hawana habari ya kwamba sanamu ya Dar es Salaam ilizua mgogoro kwao.

Tunawaomba wageni wasome maandishi ya Kiswahili yaliyoko chini ya Askari. Yanawataja pia wapagazi waliobebea jeshi mizigo, ingawa sanamu yenyewe ni ya mtu mwenye bunduki. Wapagazi hao tutakutana nao tena.

Kuta za matumbawe

Tunashuka barabara ya Azikiwe hadi Kanisa Kuu la Azania Front, lenye mnara wa kengele na vigae vyekundu, lililokamilika mwaka 1902. Lilijengwa kwa ajili ya Wajerumani wa mjini. Leo kwaya na ibada za Kiswahili hulijaza kila Jumapili. Hatua chache mbele liko Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la ndugu zetu Wakatoliki, la miaka hiyo hiyo.

Tukiendelea na barabara ya Sokoine tunafika Boma la Kale, ambalo ni la wakati wa Sultani Majid. Lilikarabatiwa, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo. Tunawasihi wajumbe wa kamati za ujenzi wakae hapa zaidi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za misheni huku pwani. Ukuta wa aina hii hunyonya unyevu na kuutoa taratibu. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, lipu hubanduka, na jiwe lenyewe huanza kumeguka. Fedha za ukarabati hupotea kwa namna hii, na baadaye watu husema jengo limechoka, livunjwe.

Mnazi Mmoja hadi Kariakoo

Kutoka Boma tunapita stesheni ya zamani ya reli ya kati, ambayo ujenzi wake ulianzia hapa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Kwenye Mnara wa Saa tunaingia barabara ya Uhuru, na upande wa kulia unabaki mji wa maduka wa sehemu ya pili.

Kisha nyumba zinakoma ghafla na uwanja unafunguka. Hapa ni Mnazi Mmoja. Nafasi hii iliachwa makusudi, kwa mpango ulioanza wakati wa Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza, ili kuwatenga Waafrika na sehemu nyingine za mji. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Kando yake, kwenye mtaa wa Lumumba, ndipo TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954.

Ng'ambo ya uwanja ni Kariakoo. Mitaa yake iliyonyooka ilipimwa na Wajerumani muda mfupi kabla ya vita vya mwaka 1914. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliweka hapa kambi ya kikosi cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na wenyeji wakatamka Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi kwa njaa na maradhi. Jina la soko hili ni kumbukumbu yao.

Jengo la soko lenyewe ni la miaka ya 1970, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, na liliungua tarehe 10 Julai 2021. Nyumba ya kawaida ya Kariakoo ilikuwa ya Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wa kupikia. Zimebaki chache mno katikati ya maghorofa. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka hapa na kuua watu zaidi ya 20.

Ombi letu kwa kamati na wafadhili

Vigae vyekundu vya sehemu ya kwanza vina watetezi na wafadhili. Nyumba za Kariakoo, ambako wazee wetu walipanga vyumba na kulea watoto, zinaondoka bila hata kupigwa picha. Tunawaomba washirika wetu wanaochangia urithi wa majengo wakumbuke sehemu zote tatu za mji.

Kwa kamati za sharika zinazofikiria kuvunja nyumba ya zamani ili kujenga kitega uchumi, hatusemi msijenge. Tunaomba mambo matatu yafanyike kwanza: fundi anayejua chokaa aitwe kuikagua, vipimo na picha za kila chumba zichukuliwe, na wazee waulizwe nani aliijenga, nani aliishi humo, na majibu yaandikwe katika daftari la usharika.

Usharika unaotaka kuongozwa katika matembezi haya uwasiliane na ofisi yetu wiki mbili kabla. Kundi lisizidi watu 15, maana njia za Kariakoo ni finyu na mikokoteni haisubiri.