Umemaliza Dawa ya Upele na Bado Unajikuna? Tulia, Hii Ndio Sababu

Ulipaka dawa kutoka shingoni hadi kwa nyayo, ukafua kila kitu kwa keja, ukajua hiyo stori imeisha. Wiki imepita, saa nane usiku uko macho unajikuna kama msee anapiga gitaa. Kabla urudi kwa duka la dawa kununua chupa ya tatu, soma hii kwanza. Hiyo chupa inaweza kukuongezea shida.

Mbona inawasha na nilitibiwa?

Upele huu huletwa na utitiri, kadudu kadogo sana. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mwasho unatokana na mwili wako kukataa mdudu, mayai na kinyesi chake. Sasa, dawa inaua mdudu lakini haibebi mzoga. Huo uchafu unabaki hadi ngozi ijibadilishe. Ndio maana unaweza kuwashwa wiki 2 hadi 4 hata kama dawa imeshika fiti. Na kwa joto la Voi, jasho linazidisha.

Usipake dawa kila siku

Permethrin inakaa mwilini masaa 8 hadi 14, unaoga, unarudia baada ya wiki moja hivi. Basi. Kama ulipewa BBE, fuata vile uliandikiwa. Ukizidisha, dawa yenyewe inachoma ngozi, inawasha, unadhani ni mdudu, unapaka tena. Na manze, dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe, Jik na mafuta ya taa si za ngozi yako.

Ndio ulale usiku

- Oga maji ya baridi au vuguvugu, kisha paka mafuta ya mgando.
- Paka kalamini mahali panawasha, au weka kitambaa chenye maji baridi.
- Uliza mfamasia kuhusu cetirizine, au Piriton ya usiku. Piriton inaleta usingizi, so usimeze halafu upande boda kuendesha.
- Kata kucha.
- Krimu kali za kioski, zile za kung'arisha, wachana nazo. Zinatuliza mwasho huku mdudu akiendelea kuzaana.

Nitajuaje kama mdudu bado yuko?

Cheki katikati ya vidole, kwa viwiko vya mikono na kiunoni. Ukiona vipele vipya au vimistari, mwasho unapanda badala ya kushuka, ama wiki 4 zimeisha bila nafuu, rudi kwa daktari. Vinundu vigumu sehemu za siri ni kesi tofauti: vinaweza kukaa miezi hata kama mdudu amekufa.

Mara nyingi upele hurudi kwa sababu ulitibiwa peke yako. Mtu akiupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na bado anausambaza. Kwa hivyo komredi mnayeshare chumba kule Ngerenyi, mtu wenu wa nyumbani, na chali au dame wako, wote wapake siku moja. Najua kumwambia ni noma. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 200 wana upele wakati wowote ule, na 2017 liliuweka kwa orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Hautokani na uchafu. Unatokana na ngozi kugusana.

Nguo na blanketi? Fua kwa maji moto, anika juani. Bomba la Mzima linapita Voi likienda Mombasa, lakini kama mfereji wako umekauka, funga kila kitu kwa mfuko wa plastiki siku 4. Utitiri ukikosa mwili wa binadamu hufa ndani ya siku 3 hivi.

Hapa usingoje

Usaha, uvimbe wenye maumivu au homa ni dalili kwamba bakteria wameingia ulipojikuna. Mkojo wa kahawia au uso kuvimba, figo zinaweza kuwa zimeguswa. Enda Moi County Referral pale Voi, au kituo cha afya kilicho karibu nawe Mwatate, Wundanyi au Taveta.

Kwa sasa, andika kwa simu tarehe uliyopaka dawa ya mwisho, halafu hesabu wiki 4. Mwasho ukipungua kila wiki, unapona. Acha chupa ya tatu ikae dukani.