Karanga za Urambo

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini siagi na mafuta bado viligawiwa kwa kuponi. Ndipo Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, tawi kubwa la Unilever barani Afrika, alipopeleka serikalini London wazo la kulima karanga Tanganyika kwa trekta, katika mashamba yasiyo na mfano. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuongoza idara ya kilimo Tanganyika, akague nchi pamoja na wenzake. Ukaguzi ulichukua wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi waliiona wakiwa ndani ya ndege.

Mpango uliotangazwa mwaka 1947 ulitaka eka 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya eka 30,000 kila moja, na 80 kati ya hayo yawe Tanganyika. Makisio yalikuwa pauni milioni 24 hivi kwa miaka sita. Vituo vitatu vilichaguliwa Tanganyika: Kongwa, Nachingwea na Urambo, magharibi ya Tabora, katika nchi iliyokuwa makao ya Mtemi Mirambo.

Watu wa mradi huu husimuliwa kama wajinga, na masimulizi hayo hayawatendei haki. Tena yanatunyima funzo. Kampuni ya Samuel ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karanga za Kano, kaskazini ya Nigeria, karanga zilizolimwa kwa jembe la mkono na wakulima wadogo wasiohesabika. Alijua biashara hiyo kuliko waziri yeyote. Wakefield naye alikuwa ametumikia Tanganyika. Ujuzi ulikuwepo, na fedha, na nia njema ya kuwalisha watu wao. Kilichokosekana ni utayari wa kuzuiwa. Mpango haukuwa na shamba la majaribio, hata la misimu miwili, kwa hoja kwamba njaa ya mafuta haingoji. Tangu uamuzi huo, hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema hapana, awe mtu au udongo.

Udongo ulisema hata hivyo. Kongwa ndiko walikoanzia, kwa sababu palionekana pana watu wachache na ardhi tele. Swali la kwa nini watu walikuwa wachache halikupewa uzito. Na jibu lilikuwa barabarani kwa miaka mia moja. Kongwa haiko mbali na Mpwapwa, na Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, nchi ya Tabora. Hapo wapagazi walijaza vibuyu vyao na kupumzika, maana mbele yao kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea. Waliivuka kwa terekeza, mwendo wa kuondoka mchana na kulala njiani bila maji, ili wafike Ugogo kesho yake. Wazungu waliopita na misafara hiyo waliyaandika haya katika vitabu vyao, vitabu vilivyokuwa maktabani London. Kila mpagazi wa Kinyamwezi aliyewahi kubeba mzigo kwenda pwani angeweza kuwaambia wataalamu wa mwaka 1946 kwamba hiyo ni nchi ambayo mvua humdanganya mtu.

Mwisho wa mwaka 1947 lengo la Kongwa lilikuwa kusafisha eka 150,000. Zilizosafishwa zilikuwa 7,500 hivi. Matrekta yalinunuliwa kutoka masalia ya vita, mengine yakiwa yamechoka kabla hayajafika bandarini, na mengi yakalala kwa kukosa vipuri na mafundi. Vifaru vya Sherman vilibadilishwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Mibuyu ikagoma. Kisha jua likaja, udongo mwekundu ukakauka na kuwa mgumu kama tofali, na karanga zilizokuwa zimeiva zikabaki humo zisichimbike.

Mwaka 1948 mradi ulitolewa mikononi mwa kampuni ya Samuel ukapewa shirika la umma, Overseas Food Corporation, chini ya Waziri wa Chakula John Strachey. Mwenyekiti wa shirika, Leslie Plummer, alitoka katika uendeshaji wa magazeti ya Express. Hapo ndipo ninapoumia zaidi ninaposoma habari hizi, kwa sababu dalili zote zilikuwa zimeshajitokeza. Bado ungeweza kusimama, ukapunguza, ukauliza. Badala yake shirika likaendelea kuahidi. Wakaguzi wa hesabu walipofika, walisema vitabu havikutunzwa inavyopasa. Januari 1951 serikali ilifuta mradi, na pauni milioni 36 hivi zikahesabiwa kuwa zimepotea.

Nimetaja misafara, na sitaki mtu adhani ninaipamba. Njia ile ilibeba pembe za ndovu, na ilipitisha pia watu walionaswa utumwani. Mali ya Unyanyembe ilikuwa na machozi ndani yake. Lakini kama namna ya kuendesha kazi kubwa mbali na ofisi, ina jambo la kumfundisha mkurugenzi. Mwenye mtaji alikuwa Unguja. Taria Topan, kwa mfano, aliwakopesha wafanyabiashara wa bara, Tippu Tip akiwa mmoja wao, nguo na shanga za kwenda nazo safari za miaka. Fedha zilikuwa zake, lakini mwendo haukuwa wake. Katika misafara ya Wanyamwezi, kirangozi, yule aliyetangulia mbele, aliinuliwa na wapagazi wenzake, na yeye ndiye aliyejua kambi ipi ina maji na mtemi yupi anadai hongo, yaani ushuru wa kupita. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 na zaidi. Asiporidhika na posho au mwendo, aliutua chini. Wenzake wakitua pia, msafara umesimama, na tajiri hana la kufanya isipokuwa kuzungumza.

Palikuwa na kizuizi kingine ambacho hakuna mwenye fedha aliyeweza kukishinda. Mvua zilipokaribia, Wanyamwezi walirudi kwao kulima. Tajiri aliyetaka kuondoka Tabora msimu wa kupanda alikosa watu wa kumbebea, akakaa kwenye tembe lake akingoja. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kaze, Tabora ya leo, Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani, na huko wakaonja taabu ya kutafuta wapagazi wakati ambao watu walikuwa wanaangalia mashamba yao. Biashara nzima ya bara ilibidi ifuate jembe la mkulima wa Unyanyembe. Sidhani matajiri wa Unguja walikuwa wanyenyekevu kwa tabia. Mpangilio wa kazi uliwalazimisha kusikiliza, na aliyesikiliza mapema alipoteza kidogo.

Mimi nadhani unyenyekevu wa kiongozi wa biashara uko hapo zaidi kuliko katika upole wa sauti au kukaa mkeka mmoja na wafanyakazi. Kiongozi anaweza kuwa mkali na bado akawa mnyenyekevu, kama ameacha mlango ambao taarifa mbaya inaweza kuupita ikamfikia ingali ya bei nafuu. Plummer na Strachey wangeokoa mamilioni kwa taarifa ya eka mia za majaribio.

Urambo inalithibitisha hili kwa namna ya pekee, kwa sababu haikufa. Msitu ulianza kusafishwa huko mwaka 1948. Mvua ni nyingi kuliko Kongwa, ardhi ina mchanga, na Wanyamwezi walikuwa wakilima karanga zao tangu zamani bila kuambiwa na mtu. Hata hivyo mashamba makubwa ya karanga hayakulipa. Ndoto ya eka milioni tatu ilipovunjika, waliobaki Urambo wakafanya kile ambacho kingefanywa mwanzo. Wakapanda kidogo, wakatazama, wakabadilisha zao. Tumbaku ikakubali. Mwaka 1955 mabaki ya mradi yalikabidhiwa Tanganyika Agricultural Corporation, na wakulima Waafrika wakapewa vipande vya kulima wakiwa wapangaji, familia kwa familia. Kutoka hapo zao hilo likasambaa, hata Urambo na Kaliua zikawa miongoni mwa wilaya zinazojulikana zaidi kwa tumbaku nchini.

Kwa hiyo barabara zilizochongwa na mradi ulioanguka zilikuja kubeba zao ambalo hakuna waziri aliyelitangaza. Nalihesabu kuwa mafanikio, lakini si bila shaka moyoni. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye mabani kwa moto wa kuni, na kuni hizo zimetoka kwenye miombo ileile inayowapa wafugaji nyuki wa Tabora asali na nta, biashara kongwe kuliko tumbaku yenyewe. Kampuni zinazonunua kwa mikataba huwataka wakulima wapande miti, na hilo ni jema. Lakini mti wa kupandwa hukua kwa miaka, na bani huwashwa kila msimu. Mkulima anajua ni mwendo gani sasa kufika mahali alipokata kuni mwaka jana, na mfugaji nyuki anajua mizinga ipi imebaki bila nyuki. Hizo ni taarifa za eka mia. Wakurugenzi wa kampuni wanaokuja Urambo na viongozi wa vyama vya msingi wazichukue kwa watu hao, kwenye mkutano ambao mkulima anaweza kusema hapana bila kuogopa kunyimwa pembejeo, kabla makisio ya msimu ujao hayajatiwa saini.