Antena Zilizobanana na Ng'ombe wa Bagara

Dereva apitaye Bagara, mjini Babati, hana budi kuwa macho, kwani ng'ombe hawasomi alama za barabarani. Baadhi ya magari yaingiayo nchini humsaidia kwa rada ndogo iliyofichwa nyuma ya bampa ya mbele. Rada hiyo hutoa mawimbi ya redio ya gigahezi 77, ambayo urefu wake haufiki milimita 4, na mwangwi wake hupokewa na antena kadhaa zilizopangwa safu moja. Mwangwi utokao pembeni huifikia antena moja kitambo kidogo kabla ya nyingine, na kwa tofauti hiyo mtambo hutambua upande aliko ng'ombe.

Taabu huanzia hapo. Ili upande ujulikane bila utata, antena jirani hupaswa kukaa umbali usiozidi nusu ya urefu wa wimbi, yaani kiasi cha milimita 2. Zikitenganishwa zaidi, mwangwi mmoja waweza kusomeka kana kwamba umetoka pande mbili. Zikibanana hivyo, nguvu iliyopokewa na moja huvuja hadi kwa jirani yake, na ile tofauti ndogo ya wakati huchafuka. Ng'ombe aliye kando huonekana yuko katikati ya njia au, jambo lililo baya zaidi, aliye katikati huonekana yuko kando.

Nguvu hiyo hupita hewani, na pia hutambaa ndani ya kibao kibebacho antena. Katika redio za kawaida kibao ni chembamba mno kikilinganishwa na wimbi. Katika mawimbi ya milimita, hata unene wa sehemu ya kumi ya milimita si wa kupuuzwa.

Dawa moja ni ua wa vijiti vya shaba vilivyopenyezwa katika kibao, vikiwa vimekaribiana kiasi cha kulizuia wimbi lisipite kati yake. Nyingine ilielezwa mwaka 1999 na Dan Sievenpiper na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles: vibati vidogo vilivyosimamishwa juu ya vijiti, mfano wa uyoga shambani, ambavyo kwa pamoja huyakatalia njia mawimbi ya masafa fulani. Lakini uyoga huo hutaka nafasi, nayo milimita 2 si shamba. Hufaa zaidi kati ya kundi la antena za kutuma na kundi la antena za kupokea.

Uvujaji unaobaki huondolewa kwa hesabu. Kiwandani rada huelekezwa kwenye shabaha ya chuma ambayo mahali pake panajulikana, uvujaji hupimwa, na mtambo huwekewa namna ya kuutoa katika kila kipimo. Hesabu hiyo ni sahihi maadamu hali haibadiliki. Tope la masika likiganda juu ya bampa, au fundi akiipaka rangi nzito yenye chembe za chuma, mawimbi hurudishwa ndani na kuziingia antena kwa njia ambazo hesabu ya kiwandani haikuzijua. Tope huoshwa kwa kitambaa na maji. Rangi haiondoki kwa urahisi huo.