Minofu kwa Wengine, Mgongo Kwetu

Katika masoko ya Migori na Homa Bay, kaunti mbili zilizo kandokando ya Ziwa Victoria, kuna jina ambalo kila mnunuzi analielewa: "mgongo wazi". Ndiyo mifupa ya mbuta, pamoja na kichwa na mkia, inayosalia baada ya minofu kukatwa viwandani na kusafirishwa ng'ambo. Nikiwa mwanaisimu, naona jina hilo linaeleza uhusiano wetu na mataifa makubwa kwa ufasaha kuliko hotuba nyingi.

Mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na baadaye minofu yake ikapata soko kubwa Ulaya. Kati ya mwaka 1997 na 2000, Umoja wa Ulaya uliweka vikwazo mara kadhaa dhidi ya samaki wa ziwa hili, kwa hofu ya viini vya maradhi na ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi. Ndipo ilipobainika kwamba riziki ya mvuvi wa Mbita au Muhuru Bay yaweza kuamuliwa Brussels.

Baadaye lawama ziligeukia China. Perege wa China waliogandishwa walifika kwa bei nafuu hata katika miji ya ziwa lenyewe, na akina mama wachuuzi wakalia. Mnamo Oktoba 2018, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitaka samaki hao wazuiwe. Ubalozi wa China ukalalamika hadharani. Ikumbukwe kwamba reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa mikopo ya China. Mdaiwa hamkemei mdai wake kwa sauti kubwa.

Hata hivyo, perege huyo si mgeni Afrika. Jina "tilapia" lilitolewa mwaka 1840 na Andrew Smith, mwanazuolojia wa Scotland, na inaaminika kwamba alilichota katika neno la Kitswana lenye maana ya samaki. Magharibi ilichukua jina. China ilimchukua samaki mwenyewe, perege wa Nile, ikamfanyia utafiti, ikamfuga katika mabwawa ya Guangdong na Hainan, hata ikaongoza duniani kwa uzalishaji wake. Hakuna aliyetuibia, samaki angali kwetu. Tulichokosa ni ujuzi wa kuzalisha vifaranga bora, chakula chake cha bei nafuu na vyumba vya baridi.

Waama, hiyo ndiyo siri ya China. Tangu mageuzi ya mwaka 1978 hadi ilipokuwa ya pili duniani kwa ukubwa wa uchumi mwaka 2010, haikutosheka kununua mitambo ya Magharibi, ilijifunza kuitengeneza. Leo mwanafunzi anashindana na mwalimu wake.

Nasi tuliwahi kunufaika na mashindano ya wakubwa. Wakati wa Vita Baridi, Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, Homa Bay, alisimamia safari za mamia ya vijana kwenda kusoma Marekani kuanzia mwaka 1959. Wangari Maathai alikuwa mmoja wao. Jaramogi Oginga Odinga naye aliwapeleka wengine katika nchi za Mashariki. Viongozi hao walihitilafiana vikali, lakini wote wawili waliwadai wakubwa elimu.

Je, sisi tunawadai nini? Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Ni jambo jema vijana wetu kujifunza Kichina. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya anayejifunza lugha ili awe mkalimani wa msimamizi wa ujenzi, na anayejifunza ili asome utafiti wa ufugaji wa samaki na aelewe kila kifungu cha mkataba wa mkopo.

Walimu wenzangu, Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo na Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya, vyote karibu na ziwa. Kabla hatujawauliza wanafunzi wetu iwapo China ni rafiki mwema kuliko Magharibi, tuwafundishe kudai ujuzi kutoka kote kuwili. Tusipofanya hivyo, tutabaki na mgongo wazi, awe aliyekula mnofu ni Mzungu au Mchina.