Utambuzi wa Hitilafu katika Swichi ya Kufifisha Mwanga Inayoendeshwa kwa Mawimbi ya Redio: Suala la Waya wa Nyutro

Makala haya yanafafanua namna ya kutambua chanzo cha hitilafu katika swichi ya kufifisha mwanga inayoendeshwa kwa simu au kwa kifaa kikuu cha nyumba, swichi ambayo kwa lugha ya mafundi huitwa dima. Hoja inayojengwa ni kwamba swichi ya aina hii huweza kung'olewa ukutani kwa kudhaniwa kuwa imekufa, ilhali ni nzima, na chanzo cha tatizo kimo katika balbu iliyofungwa au katika namna nyaya za nyumba zilivyopitishwa. Utambuzi usio sahihi humwingiza mwenye nyumba katika gharama na, kama itakavyobainishwa, huweza kumwingiza fundi katika hatari ya kifo.

Dima haipunguzi umeme kama bomba linavyopunguza maji. Katika umeme wa hezi 50, unaotumika Tanzania na Kenya, kila nusu ya wimbi huchukua milisekunde 10, na dima hukata sehemu ya kila nusu hiyo ili balbu ipate kilichobaki. Kazi hiyo, katika dima nyingi, hufanywa na kijenzi kiitwacho trayaki, ambacho hupitisha mkondo hadi pale unaposhuka chini ya kiwango cha kukishikilia, kiwango kinachoweza kufikia makumi ya miliampea. Balbu ya waya yenye wati 60 huvuta takribani miliampea 260 kwa volti 230. Balbu ya LED yenye wati 7 huvuta takribani 30 tu. Trayaki hujizima kabla ya wakati, hujiwasha tena, na mwanga hupepesa. Si ajabu, kwa kuwa ufifishaji wa aina hii ulienea majumbani katika zama za balbu za waya. Kampuni ya Lutron ya Marekani, iliyojikita katika biashara hiyo, ilianzishwa mwaka 1961.

Kwa msingi huo, kipimo cha kwanza ni chepesi: balbu ya LED huondolewa na mahali pake hufungwa balbu ya waya ya wati 60. Mwanga ukitulia na kufifia vizuri, swichi haina kosa. Kinachokosekana ni mzigo wa kutosha, au balbu yenyewe si ya kufifishwa, jambo ambalo kwa kawaida huandikwa kwenye kasha lake.

Suala zito zaidi ni la nyutro. Katika ufungaji nyaya wa mtindo wa Kiingereza, ambao umerithiwa katika majengo mengi ya Afrika Mashariki, nyutro huishia kwenye kiungio cha darini. Kwenye boksi la swichi hushuka nyaya mbili tu: wa moto, na ule unaorudisha moto huo kwenye balbu. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi. Dima yenye redio, hata hivyo, haina budi kubaki macho wakati taa imezimwa ili isikie amri, na kwa kukosa nyutro hujilisha kwa kupitisha mkondo mdogo katika balbu yenyewe. Balbu ya waya haioneshi dalili yoyote. Balbu ya LED hukusanya chaji hiyo katika kapasita yake, kisha humweka kila baada ya sekunde kadhaa, au hubaki na mng'ao hafifu usiku kucha. Hapa kitenzi *kuzima* kinapotosha: taa imezimwa, lakini saketi haijakatwa. Tiba yake ni kifaa cha mchepuko kinachofungwa sambamba na balbu, kule darini na si kwenye swichi, au kupitisha waya mpya wa nyutro hadi ukutani.

Hatari iliyotajwa huzaliwa katika tiba hii ya pili inapofanywa kwa njia ya mkato. Waya mweusi, au wa buluu katika majengo mapya, unaoonekana ndani ya boksi la swichi mara nyingi si nyutro bali ni waya unaorudisha moto, na ulipaswa kutiwa alama ya kuubainisha. Anayeuamini kwa rangi yake hujidanganya. Mbaya zaidi ni kutumia waya wa ethi badala ya nyutro: dima itafanya kazi, lakini ethi ikikatika mahali fulani, mabati ya vifaa vyote vilivyounganishwa nayo yanaweza kubeba umeme. Kwa hiyo umeme sharti ukatwe kwenye swichi kuu, kisha ithibitishwe kwa kipimo ambacho kimejaribiwa kwanza kwenye chanzo chenye moto.

Taa ikiitika kwa kubonyezwa lakini isiitike kwa simu, tatizo ni la mawasiliano. Vifaa vya Z-Wave vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia megahezi 908.42, na vya Ulaya 868.42, vya pande hizo mbili havisikilizani kamwe. Mzigo uliotumwa na ndugu aliye Marekani una dosari nyingine: ukiandikwa volti 120 pekee, haufai kabisa kufungwa kwenye umeme wa 230.

Baada ya hayo yote kuondolewa ndipo swichi yenyewe inaposhukiwa. Trayaki iliyoungua kwa kawaida hugeuka kuwa njia wazi ya mkondo, hivyo taa huwaka kwa nguvu zote na haifiki wala haizimiki, hata kwa balbu ya waya. Swichi ya namna hiyo hubadilishwa, na mpya huchaguliwa kwa kuangalia wati za chini zinazohitajika, si za juu pekee.