Boksi la Redio Juu ya Kichwa cha Dereva

Dashibodi ya Land Cruiser ya mkonga haina nafasi. Toyota ilipoitoa familia ya 70 mwaka 1984 ilikuwa imeunda gari la kazi: usukani, geji chache, tundu moja la redio, basi. Leo gari hilohilo linapeleka watalii Serengeti na chanjo vijijini, na dereva wake anahitaji redio ya muziki, redio ya upepo, ramani ya setilaiti, swichi za taa za nje na mahali pa kuchaji simu za abiria wote. Vyombo hivyo huishia kubandikwa magotini, juu ya giaboksi, au kuning'inizwa kwa kamba za plastiki mahali ambapo mguu wa abiria unavipiga teke kila tuta. Ndiyo maana mafundi wanaobadilisha magari ya safari wanavihamishia juu, kwenye boksi linalokaa kati ya kioo cha mbele na dari. Wenzetu wa Australia wamezoea jambo hili kiasi kwamba boksi la namna hiyo kwa ajili ya familia ya 70 linauzwa madukani likiwa tayari.

Faida zake hazibishaniwi. Ukivuka mto na maji yakaingia hadi kwenye viti, redio inabaki kavu. Vumbi linaloingia kwa chini halianzii kwayo. Dereva anainua jicho kidogo tu badala ya kuinama kuangalia magotini, na mwizi anayechungulia dirishani haoni kitu kwa haraka. Watengenezaji wa malori waliliona hilo zamani: panda kebini ya Scania au Actros utakuta vyombo vimepangwa juu ya kioo, na matundu yenye kipimo cha redio yameachwa tayari. Tofauti ni kwamba kiwandani walianza na hesabu ya uzito, ilhali fundi wetu mara nyingi anaanza na redio yenyewe, aina gani na skrini kubwa kiasi gani. Redio ni kazi ndogo kuliko zote humo. Kazi hasa ni kile kinacholibeba boksi, na waya unaolilisha umeme.

Tuanze na kilo. Boksi la kufika kutoka mlango hadi mlango hula takriban nusu mita ya mraba ya mbao au zaidi kidogo. Plaiwudi ya milimita 9 ina kilo 5 hivi kwa mita ya mraba. MDF ya milimita 12 inafika kilo 9. Ongeza redio, redio ya upepo, spika mbili na vyuma vya kushikia, unakaribia kilo 7 kwa plaiwudi. Gari likidunda kwa nguvu kwenye korongo, mzigo huo unaweza kuvuta mara tatu ya uzito wake, yaani kama kilo 21. Katika ajali, ambapo gari linasimama ghafla kwa nguvu ya mara 20 ya uzito, kilo hizo 7 zinageuka 140, na zote ziko sentimita chache kutoka kwenye paji la uso la mtu. Hapo ndipo MDF inapokataliwa: ni nzito, inavimba ikipata maji, na skrubu hazikamati vizuri kwenye kingo zake. Plaiwudi ya majini ndiyo chaguo langu. Alumini ya milimita 2 nayo inafaa kwa mwenye mashine ya kukunjia bati.

Sasa, boksi linashikwa na nini? Jibu baya, ambalo nimeliona kwenye magari mengi mno, ni skrubu za bati zilizopigwa kwenye paa. Bati la paa ni jembamba, halikuwekwa kubeba kitu kwa chini, na tundu lolote linalotokeza nje ni mlango wa maji na kutu. Tafuta bolti ambazo gari limezaliwa nazo: za kinga ya jua, za vishikio vya mkono juu ya milango, za kioo cha nyuma cha katikati. Hizo zimeingia kwenye mbavu za chuma, si kwenye bati. Tengeneza mikono ya chuma bapa cha milimita 3 inayoshikwa na bolti hizo, kisha boksi lishikwe na mikono hiyo. Pasipo na bolti, piga nati za riveti kwenye ubavu wenyewe. Magari mengi ya safari yamekatwa paa ili lifunguke juu ya abiria, kwa hiyo hakikisha sehemu ya mbele unayoitegemea bado ina mbavu zake. Wakati mwingine fundi bodi ameondoa mmoja ili kupata nafasi.

Nati ziwe zile zenye pete ya plastiki ndani. Barabara ya changarawe kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi ina mikunyanzi inayotetemesha gari kwa saa nzima bila kupumzika, na mtetemo huo unafungua nati ya kawaida kuliko korongo lolote. Kati ya chuma na mbao weka raba nyembamba.

Kuna gari moja ambalo ningekushauri uliache kabisa: lile lenye mifuko ya hewa ya pembeni iliyofichwa juu ya milango. Mfuko huo unafumuka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na chochote kilichofungwa kwenye njia yake kinarushwa kwa aliyeketi hapo. Land Cruiser nyingi za kazi hazina mifuko hiyo, lakini baadhi za miaka ya karibuni zinayo. Soma maandishi kwenye nguzo za kioo kabla ya kununua mbao.

Kipimo kinaanza na boksi la karatasi ngumu, lile la friji au televisheni. Kata, kunja, bandika kwa gundi ya karatasi, kisha mwite mtu mrefu kuliko wote watakaoendesha gari hilo aketi na kuruka-ruka kitini. Kichwa kikigusa, punguza. Mbele, karibu na kioo, boksi linaweza kuteremka sentimita 10 hadi 12. Kuelekea nyuma lipande kufuata dari. Kinga za jua nazo lazima ziendelee kufunguka, jambo ambalo wengi hulikumbuka mbao zikishakatwa. Endesha na karatasi hiyo siku kadhaa, mchana na usiku, uone kama unapoteza tawi lililoinama au taa ya barabarani.

Tundu la redio ya kawaida, inayoitwa DIN, linakatwa milimita 182 kwa 53. Uso wa redio ni 180 kwa 50, na ile ya skrini kubwa ni 180 kwa 100. Urefu wa kwenda nyuma haulingani. Redio yenye mashine ya CD huchukua sentimita 16 hivi, zisizo na CD zinaweza kuwa na 10 tu, na kwa boksi la darini tofauti hiyo ndiyo inayookoa kichwa. Isitoshe, mashine ya CD haipendi kuinamishwa sana. Fremu ya bati inayokuja na redio hushikwa na vindimi unavyovikunja kwa bisibisi. Mjini vinatosha. Porini lazima redio ishikwe pia kwa nyuma, kwa ukanda wa chuma unaofungwa kwenye ile bolti ya mgongoni ambayo mafundi wengi huiacha mfukoni. Kona zote zinazoweza kukutana na kichwa zilainishwe kwa msasa hadi ziwe duara, ndipo uweke sponji na ngozi ya bandia. Gundi iwe ya kustahimili joto, maana gari likiegeshwa juani, pale chini ya paa ndipo panapochemka kuliko kwingine. Toboa pia matundu ya hewa nyuma ya redio.

Umeme una kosa moja kubwa na moja la kimyakimya. Kubwa ni kukosa fyuzi karibu na betri. Waya unaotoka betri, ukapita bati la injini na kupanda kwenye nguzo ya kioo, una njia ndefu ya kukwaruzwa. Ukigusa bodi bila fyuzi, unaungua hadi mwisho. Weka fyuzi ndani ya sentimita 30 kutoka betri, na raba kila mahali waya unapopenya bati. La kimyakimya ni waya mwembamba. Redio ikivuta ampea 10 kupitia mita 4 za kwenda na 4 za kurudi, waya wa milimita moja ya mraba unapoteza volti 1.4 njiani. Ukiweka wa milimita 2.5, upotevu unashuka hadi volti 0.55 hivi. Acha sentimita 30 za waya zikiwa zimelegea ndani ya boksi, ili kesho uliteremshe bila kukata kitu.

Kwa rangi, redio nyingi za dukani zinafuata desturi moja: njano ni umeme wa kudumu wa kumbukumbu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni bodi. Pima kabla ya kuunganisha. Baadhi ya magari ya dizeli yaliyoagizwa kutoka Japani yana volti 24, na hapo kuna tabia ya kuchukua 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Redio italia, lakini betri hiyo inabaki na njaa na mwenzake anachajiwa kupita kiasi, hadi zote mbili zife kabla ya wakati. Nunua kipunguza volti.

Usibabaishwe na maandishi ya 50W x 4. Injini ikiwaka, gari lina volti 14.4 hivi, na spika ni omu 4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawa kwa 4, unapata karibu wati 52. Hiyo ni sauti iliyokwisha kupasuka. Sauti safi haizidi nusu yake, wati 26. Tena fyuzi nyuma ya redio hizo mara nyingi ni ya ampea 10, ambayo kwa volti hizo inapitisha wati 144 kwa jumla, na sehemu yake inaishia kuwa joto. Kwa hiyo spika za inchi 4 zinatosha huko juu. Mimi ningeacha muziki kwenye milango, ambako besi ina mahali pa kukaa, na kuweka darini spika ya redio ya upepo upande wa dereva. Injini ya dizeli ya lita 4.2 inanguruma chini. Maneno yanayotoka karibu na sikio hayahitaji kupandishwa sauti.

Redio ya upepo yenyewe ipate waya wake, nyekundu na nyeusi, moja kwa moja hadi betri, na kebo ya antena ipite nguzo ya upande mwingine, mbali na waya za spika. Zikilala pamoja, kila ukibonyeza kuzungumza muziki utakoroma. Kuirusha hewani bila leseni ni kosa: Tanzania unaiomba TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano.

Ukifika gerejini, kabla fundi hajashika drili mwulize maswali mawili: boksi litashikwa na bolti zipi, na fyuzi itakaa wapi. Asipoweza kukuonyesha kwa kidole, washa gari uende kwa mwingine.