Malalamiko ya Soko Yafike ku Meza ya Wakubwa



Tuseme mama mmoja anapeleka gunia mbili za maharagi ku soko. Bariere ya kwanza analipa, ya pili analipa tena, na hakuna anayemupa resu. Akiuliza, anajibiwa: "Lipa ao rudi." Jioni anapohesabu, faida yake imebaki njiani.

Ku soko kila mutu iko na maumivu yale yale, lakini kila mutu anayalia nyumbani kwake. Kikundi cha kutetea wakulima kinazaliwa siku ile watu wanatambua kama tatizo ni moja, na wanakubaliana jambo moja la kuomba.

Kwetu hii si mupya. Ku Butembo, shirika SYDIP linatetea wakulima tangu 1993. Mwaka 2011 vyama vya wakulima vya majimbo mbalimbali viliungana ndani ya CONAPAC, ili wafike Kinshasa na sauti moja.

Mwaka ule ule, tarehe 24 Desemba, sheria ya kilimo namba 11/022 ilitiwa sahihi. Kifungu cha 16 kinasema udongo wa kulima unaotolewa na leta upewe Mukongomani, ao kampuni ambayo sehemu kubwa ni ya Wakongomani ao ya leta yetu. Wakulima walikitetea. Kampuni kubwa za mashamba ziliomba kibadilishwe. Tujifunze hapa: wenye kutaka kinyume nao wamejipanga. Wako na pesa, wako na wanasheria, wanajua mulango wa minisita. Sisi tuko na wingi wetu, lakini wingi bila hesabu ni kelele tu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuandike. Kwa mwezi mmoja, kila mwanachama aandike siku, bariere, pesa aliyolipa, na kama alipewa resu.

Pili, tuombe jambo moja linaloweza kufanyika. "Tunateseka" haina jibu. "Bei ya malipo ibandikwe ku bariere, na kila anayelipa apewe resu" iko na jibu: ndiyo ao hapana.

Tatu, tujue sheria. Malipo ambayo jimbo na chefferie wanaruhusiwa kuomba yameorodheshwa katika ordonanse-loi namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Malipo yasiyokuwa mule, tuulize kwa heshima yanatoka wapi.

Ine, tupeleke barua yenye sahihi zetu, ile wanaita petisyo. Kifungu cha 27 cha Katiba kinatupa haki hiyo, peke yetu ao kwa kikundi. Mukubwa wa leta anapaswa kujibu ndani ya miezi 3, na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu aliandika. Tubakize kopi yenye muhuri wa siku ilipopokelewa.

Mwisho, tuchunge kikundi chenyewe. Raisi asiende peke yake ku biro ya mukubwa. Waende watatu ao wane, wanawake wakiwemo, na wakirudi waeleze mukutano yote yaliyosemwa. Bahasha moja ya siri inaweza kuua kazi ya mwaka muzima.

Ku mukutano unaokuja, kila mutu alete daftari yake. Barua itaanzia pale.